Jikoni kwetu: Keki ya nanasi na nazi, bila yai wala pombe

Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya keki ndogo tunazozitayarisha kwa ajili ya proklamasio, na tangu siku hiyo maswali hayaishi. Wengine wametuuliza kwenye mlango wa masomo, wengine sokoni. Mama mmoja alitusimamisha katikati ya mteremko wa Kadutu, na mzigo wake kichwani, akasema: "Mwalimu, ni kweli mnataka kuwapikia watoto wetu keki ya baa?" Tutamjibu leo. Lakini tuanze na mtoto, maana ni yeye aliyetufikisha hapa.

Mwaka jana, siku ya mwisho ya masomo, tulikata keki katika darasa letu la tatu. Watoto walikuwa 42, na kila mmoja alipata kipande kidogo kama kiberiti. Mtoto mmoja, binti wa mama anayeuza sambaza, alikula chake kwa furaha kama wengine. Dakika chache baadaye alianza kujikuna shingo. Kisha midomo ikavimba, macho yakavimba, akatapika. Sisi tulidhani ni joto au mbio za uwanjani. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni ndiye aliyepiga kelele kwamba mtoto anahema vibaya, akambeba mgongoni, tukakimbia naye hadi kwenye kituo cha afya. Tunamshukuru Mungu, alipona. Muuguzi alituuliza alikula nini, akamuuliza mama yake maswali mengi, na baadaye daktari akathibitisha kwamba ni mayai. Mwili wake unayakataa.

Tangu siku hiyo, kila kulipokuwa na sikukuu, mtoto huyo alikaa pembeni na ndizi yake. Hakuna aliyemkosea, sisi wenyewe ndio tuliompa ile ndizi. Lakini mwezi wa tatu tulimwona akimpa mwenzake ndizi hiyo ili mwenzake amwache tu anuse keki yake. Jioni ile tulipeleka habari katika kikao cha kikundi. Tukasema kwamba mwaka huu, siku ya proklamasio, itakuwa keki moja kwa watoto wote, bila sahani ya pembeni.

Sasa kokteli ilitoka wapi? Katika kikundi chetu yupo dada mmoja ambaye amefanya kazi miaka mingi kwenye baa ya hoteli moja kando ya ziwa. Yeye ndiye alisema: mkiondoa yai, maziwa na siagi, ladha ya keki inabaki sukari tu, tafuteni ladha yenye nguvu. Akatueleza kinywaji ambacho wageni wanakiomba sana, kinaitwa piña colada. Ni maji ya nanasi, tui zito la nazi na pombe ya miwa inayoitwa ramu, vyote vinasagwa pamoja na barafu. Kinatoka Puerto Rico, kisiwa cha bahari ya Karibi. Jina lenyewe ni la Kihispania, maana yake nanasi lililochujwa. Wanasema mhudumu wa baa Ramón Marrero alikitengeneza katika hoteli Caribe Hilton ya mji wa San Juan mwaka wa 1954, ingawa wapo wengine wanaodai walikuwa wa kwanza. Mwaka wa 1978 kikafanywa kinywaji rasmi cha kisiwa. Kilichotufurahisha sisi walimu ni kwamba ile krimu tamu ya nazi ya kopo, iliyorahisisha kazi yote, ilitengenezwa na mtu wa Chuo Kikuu cha Puerto Rico, Ramón López Irizarry. Hata katika mambo ya baa mwalimu hakosekani!

Nanasi, nazi, sukari. Hakuna yai, hakuna maziwa ya ng'ombe. Ukiondoa ramu, tayari unayo keki ya mtoto wetu. Ndiyo sababu tukakichagua.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Nusu ya kikao ilisema jina la kinywaji cha baa lisitajwe mbele ya watoto. Nusu nyingine ilisema tutie kijiko kimoja tu cha ramu kwa ajili ya harufu, kwa kuwa moto unaua pombe. Tuseme wazi juu ya jambo hili, maana ni imani iliyoenea sana majumbani: moto hauimalizi pombe. Wataalamu wa chakula wa Marekani walipima, wakakuta kwamba katika chakula kilichochanganywa na pombe na kuokwa nusu saa, sehemu karibu 35 kwa 100 ya pombe hiyo bado imo. Keki zetu ndogo hazikai motoni hata hiyo nusu saa. Kwa hiyo kwa mtoto, kwa mama mwenye mimba, na kwa mtu aliyeapa kuacha pombe, jibu ni moja: usitie hata kijiko. Harufu tuliipata kwa njia nyingine, tutaieleza. Na kuhusu jina, tulikubaliana kuziita "keki za nanasi". Dada wa hoteli alinuna kidogo, kisha akacheka.

Swali lingine: je, kula bila yai na maziwa ni sheria ya dini mpya? Hapana. Wapo watu, Ulaya na Marekani hasa, ambao hawali kitu chochote kinachotoka kwa mnyama: nyama, samaki, yai, maziwa, hata asali. Wanaitwa vegani, na neno hilo lilitungwa Uingereza mwaka wa 1944 na Donald Watson na wenzake. Sisi si vegani, sambaza tunazipenda na tutaendelea kuzila. Lakini keki ya namna hii ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1930, wakati wa shida kubwa ya uchumi, wamama wengi wa Marekani walioka keki bila yai, bila maziwa na bila siagi, kwa kuwa havikununulika. Waliinua unga kwa bikarbonati na siki. Sisi tunafanya vilevile kwa ndimu.

Tueleze kwanza kazi ya yai, kwa sababu anayeelewa kazi yake hahangaiki anapolikosa. Yai linashikanisha unga, linasaidia keki kuinuka, na linaipa unyevu. Unyevu tunaupata kwa tui na mafuta. Kushikana tunakuachia unga wenyewe. Kuinuka ni kazi ya bikarbonati ikikutana na kitu kichachu. Tuliwaonyesha watoto darasani: kijiko kidogo cha bikarbonati ndani ya gilasi, ukikamulia ndimu juu yake, povu linapanda hadi linamwagika. Walitaka turudie mara kumi. Povu hilo ni hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Lakini halingoji mtu. Ukishachanganya, usiende kumsalimia jirani.

Mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Keki zilipanda zikawa nzuri, tukashangilia, kisha zikaanguka katikati kama paa la nyumba bovu. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, nanasi tulilitia bichi pamoja na maji yake yote. Pili, tulifuata kipimo cha levire kutoka kitabu cha watu wanaokaa chini, karibu na bahari. Bukavu iko juu, karibu mita 1500. Huku hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla ya kufika joto la 100, karibu 95, na keki inainuka haraka kabla haijaiva ndani. Mnaosoma gazeti hili mkiwa Uvira, kwenye joto la chini, tieni levire kijiko kidogo kimoja kamili. Sisi wa Bukavu tunatia robo tatu ya kijiko.

Mara ya pili keki zilitoka vizuri, na hapo ndipo tulipotaka kumdhuru mtu kwa ujinga. Tulikuwa tumepaka vikopo majarini. Mama wa mtoto alikuja kuangalia, akashika kile chombo, akaomba miwani ya mwenzake, akasoma maandishi madogo. Ndani yake mlikuwa na maziwa. Mtoto wake ana shida ya mayai tu, maziwa anakunywa, lakini sisi tulikuwa tayari tumewaambia watu wote kwamba keki hii haina yai wala maziwa. Na kama angekuwa mtoto mwingine? Tangu siku ile tunasoma kila chombo, na tunapaka mafuta ya kawaida ya kupikia.

Sasa vipimo, kwa keki 12. Kikombe tunachosema ni cha robo lita.

Unga wa ngano kikombe kimoja na nusu. Sukari robo tatu ya kikombe. Levire ya keki robo tatu ya kijiko kidogo, bikarbonati nusu kijiko kidogo, chumvi kidole tu. Tui la nazi robo tatu ya kikombe pamoja na vijiko vikubwa viwili juu yake. Mafuta theluthi moja ya kikombe. Maji ya ndimu kijiko kikubwa kimoja. Nanasi lililopikwa nusu kikombe.

Nanasi tunanunua yale ya Idjwi, yanayoshuka na mitumbwi. Chagua linalonukia chini kwenye kitako, lisilonuka liache. Limenye, ondoa moyo wake mgumu, likatekate ndogondogo sana, kisha liweke katika sufuria juu ya moto mdogo bila maji. Acha lichemke katika maji yake mpaka yakauke na vipande vianze kubadilika rangi kuwa ya dhahabu. Hiyo ndiyo siri ya harufu. Sukari ya nanasi ikiungua kidogo tu, inanukia kitu kinachofanana na ramu, na dada wa hoteli mwenyewe alikubali. Kulipika kuna faida nyingine. Nanasi bichi lina kitu kinachokula protini, ndicho kinachouma ulimi ukila sana. Katika keki isiyo na yai hatutaki kitu kinachodhoofisha unga, na moto unakimaliza. Maganda msitupe. Yaosheni vizuri, myachemshe na tangawisi, mtapata kinywaji cha watoto wote kwa bei ya makala tu.

Nazi ndiyo shida. Haioti milimani kwetu, inatoka mbali, pwani ya Bahari ya Hindi, na safari yote hiyo tunailipa sisi. Wanaosema keki bila yai ni ya kubana matumizi hawajanunua nazi Bukavu. Tulipiga hesabu: pesa tuliyookoa kwenye mayai na siagi, karibu yote ilikwenda kwenye nazi. Mama mmoja alipendekeza maziwa ya karanga, ambayo ni rahisi sana na sote tunajua kuyatengeneza. Wazo lake lilikuwa zuri, lakini tulikataa, kwa sababu karanga nazo zinawadhuru watoto wengine, tena vibaya sana. Nyumbani kwako, kama unajua kila atakayekula, fanya. Kwa watoto wa masomo, hapana. Hata nazi tuliwauliza wazazi wote kwanza kama kuna mtoto inayemdhuru.

Tikisa nazi kabla ya kulipa: usiposikia maji ndani, iache. Angalia na yale macho matatu, yawe makavu, bila ukungu. Ivunje, ikune, mimina kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, ponda kwa mkono dakika tano, kamua kwa kitambaa safi. Siku hiyo tulikuwa tunakunia uani, na watoto walipomwuliza mjukuu wa mzee wetu wa kikundi kazi gani inafanyika ndani, akajibu kwamba tunamkuna koko. Nazi tunaiita koko, na bibi naye tunamwita koko. Watoto watatu walikimbilia ndani kumwokoa bibi yao.

Kwa kuoka, mwenye furu atumie furu, joto la 180, dakika 20 hadi 25. Sisi wengi tuna mbabula. Chukua sufuria kubwa yenye mfuniko mzito, weka mchanga mkavu chini, unene wa vidole viwili, na mawe madogo matatu juu yake. Ifunike na uipashe moto robo saa. Wakati huo changanya unga, sukari, levire, bikarbonati na chumvi katika bakuli moja. Katika bakuli lingine changanya tui, mafuta na ndimu. Mimina vya maji ndani ya vikavu, koroga kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane tena, basi. Ukikoroga sana keki inakuwa ngumu kama chapati ya jana. Ongeza nanasi mwishoni. Kama huna vikopo vya keki, makopo madogo ya tomate yanafaa: yaoshe, piga nyundo kingo zisikate, paka mafuta, nyunyiza unga. Jaza theluthi mbili tu. Yapange kwenye sahani ya bati juu ya mawe, funika, weka makala ya moto juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu. Usifunue kabla ya dakika 20. Choma keki kwa kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Juu yake hatuweki siagi. Tulikamua nazi ya pili kwa maji machache, tukaacha tui katika bakuli lililofunikwa usiku mzima. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya 24, na usiku wa Bukavu unatosha, friji haihitajiki wala umeme wa kubembeleza. Asubuhi mafuta yako juu, mazito na meupe. Yatoe kwa kijiko, yapige na sukari iliyotwangwa laini, yapake wakati wa kula. Usiyapake mapema, jua la saa sita litayashusha yote.

Neno moja kwa wanaotaka kusaidia kupika. Keki isiyo na yai ikikorogwa kwa mwiko uliotoka kwenye yai, si keki isiyo na yai tena. Tumenunua bakuli mbili na miko miwili ya kazi hii, tumezifunga kitambaa chekundu, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuvitumia kwa kazi nyingine, hata kwa dakika moja. Na mama ukiona mtoto amekula kitu kisha anavimba midomo, anatokwa vipele mwili mzima, anatapika au anahema kwa shida, usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Mpeleke kwa muganga wa hospitali mbio, useme alichokula. Watoto wengi wenye shida ya yai wanaiacha wakikua, lakini kumjaribisha ili kuona kama imekwisha ni kazi ya daktari, nyumbani tusijaribu.

Jumamosi iliyopita tulipika mara ya tatu. Mama wa mtoto alifika saa tatu asubuhi, akakaa jikoni mpaka mwisho, akaangalia kila chombo, kila kijiko. Keki zilipopoa alichukua moja, akaipasua, akainusa, akala nusu yeye mwenyewe. Hakusema neno. Tulikuwa wanawake tisa pale, hakuna aliyezungumza. Kisha akamwita binti yake kutoka uani, akampa ile nusu iliyobaki, akamshika mkono, akakaa naye akimwangalia usoni muda mrefu. Mtoto alimaliza, akalamba vidole, akauliza kama anaweza kumpelekea rafiki yake moja. Alichagua ile kubwa kuliko zote.

Tutapika keki 120 siku moja kabla ya proklamasio, kuanzia saa mbili asubuhi, kwenye uwanja wa kikundi. Tunahitaji mbabula tano, masufuria makubwa yenye mifuniko, na nazi kumi. Anayekuja na makala aje nayo mapema. Mayai tafadhali yabaki nyumbani siku hiyo, hata yale ya kuchemsha ya chakula cha asubuhi.